Ramani Nyeupe ya Birere

Butembo, 21 Januari 2002

Dative binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakuandikia bila kujua kama kuna wa kusoma. Tangu Alhamisi, mlima ulipotema moto, redio inasema Goma imekwisha. Mara imeungua yote, mara nusu, mara ziwa lenyewe litalipuka litumalize hata sisi wa huku milimani. Redio naijua, ikikosa habari inakaanga uongo. Lakini hata nikiupunguza uongo huo na kuupunguza tena, kinachobaki bado kinanitisha.

Mama Thérèse wangu hali chakula vizuri. Amekaa na rozari yake na kila nikipita ananiuliza kama umeandika, kana kwamba mimi ndiye ninayekuzuia.

Barua hii anakuletea Mama Masika, yule mfanyabiashara wa maharage. Atavuka bariera ya waasi wetu pale Kanyabayonga, ataingia kwa waasi wenu, na pande zote mbili watamchotea gunia. Posta ilikufa zamani na simu haipiti, kwa hiyo yeye ndiye posta. Mpe jibu hata la mstari mmoja: "Mwalimu, niko." Katika wote niliowafundisha kushika mnyororo wa kupimia, wewe ndiye uliyenibishia kuliko wengine, na sitaki mlima ukunyamazishe.

Sikuulizi habari za nyumba yangu ya Birere. Nyumba ni mawe na mabati.

Mwalimu wako,
Adalbert Kambale


Goma, Katoyi, 5 Februari 2002

Papa Adalbert,

Mwalimu, niko. Mama yangu yuko, wadogo zangu wako, na Katoyi yetu moto haukuigusa. Sasa niruhusu nipite ule mstari mmoja, maana nisiposema nitapasuka.

Mlima haukufunguka kileleni, pale tulipozoea kuutazama ukiwaka kama jiko la jirani. Ulichanika ubavuni, kutoka juu kuja chini upande wa Kibati, na moto ukatoka katikati ya mashamba ya maharage. Alasiri ulikuwa mjini. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na mji mzima, watu, mbuzi, mashine za kushonea, maharusi wawili wakiwa na nguo zao, sijui walikuwa wanakwenda kujaribu au walikuwa wanatoka kanisani. Kutoka kwenye kilima tuliuona mto mwekundu, mpana kuliko barabara yoyote niliyowahi kupima. Ulikuwa unatembea polepole, kama mwenye shamba anayekagua mali yake. Kilima kilikuwa kimejaa watu. Ulipoingia ziwani maji yalipanda mbinguni meupe, na muzee mmoja pembeni yangu akavua kofia yake akaishika kifuani.

Papa, niliogopa. Lakini nitakuwa mwongo nikisema niliogopa tu. Nilishangaa mpaka nikasahau kwamba nilikuwa nakimbia.

Na kuna jambo lililonishangaza kuliko moto. Wageni wa mashirika walituambia tukae makambini. Nani akae? Ardhi ingali inatetemeka, watu walirudi wakitembea juu ya ule moto ulioganda kuwa jiwe, jeusi juu na jekundu ndani ya nyufa, viatu vinanuka mpira. Mbele yangu mama mmoja alikuwa na godoro kichwani, akageuka akanifokea, "Tembeya mbiyo, usisimame, utaiva!" Watu wakacheka. Juu ya moto, Papa, wakacheka.

Ofisi ya chama chetu cha wapima imepona. Ferdinand, mwenyekiti, ametuita sote, maana wakubwa wa hapa wanataka ramani ya sehemu zilizofunikwa. Tuna mchora ramani usiyemjua, aliajiriwa baada ya vita kukufungia huko: Théogène Nsengimana, mrefu, mkimya, ukimsalimia anafikiri kwanza ndipo anajibu. Yeye ameanza kupanda juu ya jiwe kila asubuhi na watu waliounguliwa. Nitakuandikia zaidi.

Upande wa nyumba yako bado sijapata nafasi ya kufika vizuri, kuna joto. Msalimie Mama Thérèse sana.

Mwanafunzi wako mbishi,
Dative Umwiza


Butembo, 24 Februari 2002

Dative mwanangu,

Mungu asifiwe. Barua yako nimeisoma kwa sauti, Mama Thérèse akinikatiza kila mstari kwa kusema "Yesu wangu". Tulipofika kwenye moto unaokagua mali yake nilicheka. Nimepima milima hiyo tangu nikiwa kijana. Nilidhani ninaijua kwa sababu nilijua urefu wake.

Sasa jambo la kazi. Katika gunia lile lile la Masika ilikuja bahasha ya Umoja wa Wapima Ardhi wa Virunga. Ferdinand ananiarifu, kwa kuwa mimi bado ni rais wa heshima, kwamba komite imemfukuza kazi huyo mchora ramani wenu. Komite iliamua kwamba sehemu iliyofunikwa iachwe nyeupe kwenye ramani, kwa sababu mawe ya mpaka hayaonekani tena. Kijana akakataa. Akaijaza mipaka na majina ya watu bila kuanzia kwenye jiwe hata moja, na alipoulizwa akakipinga chama mbele ya wanachama wote. Ferdinand aliomba maoni yangu, na nimejibu hapo hapo: nakubali.

Usinune. Kuchora mpaka usiopimwa, kwetu sisi, ni kama padri kuuza hostia. Mpima akiona anaandika, asipoona anaacha nyeupe, na hiyo nyeupe ndiyo heshima yetu. Nilikufundisha kwamba mnyororo unaanzia kwenye jiwe, hauanzii kwenye kinywa cha mtu. Leo tukiandika anachosema Hilaire fulani kuhusu ua wake, kesho ndugu yake Hilaire atakuja na kinywa kikubwa zaidi.

Kama ulikuwa umejipanga kunililia kwa ajili yake, jipange upya.

Adalbert Kambale


Goma, 11 Machi 2002

Papa Adalbert,

Nilikuwa nimejipanga kukulilia, na sasa nakulilia kwa hasira.

Barua yako ya kumjibu Ferdinand imebandikwa kwenye mlango wa ofisi. Ferdinand aliibandika mwenyewe. Wanachama waliokuwa wanasitasita wamesoma neno "nakubali" kwa mwandiko wako, ule mwandiko uliotufundisha sote kuandika namba, na wakatia mikono mifukoni. Hapa neno lako ni amri, Papa, hata kama vita imekuweka mbali.

Kwa hiyo nisikilize. Nitakueleza nilichokiona, halafu ufanye utakavyo.

Jumapili moja baada ya misa, kabla hajafukuzwa, nilimfuata Théogène juu ya Birere. Nilidhani nitamkuta na kalamu na watu wawili watatu. Nilikuta mtaa mzima. Watu wamevaa nguo za kanisani, wametapakaa juu ya jiwe jeusi mpaka macho yanapoishia, na kila mmoja amesimama ndani ya nyumba ambayo haipo. Wanaitana. "Mama, mulango yako ilikuwa fasi gani?" "Ni hapa, niko nasimama ndani!" "Basi muti yangu ya avoka ilikuwa pale, sogea kidogo." Mmoja anaanzia kwenye ncha ya nguzo ya umeme iliyobaki, mwingine kwenye paa la shule linalochungulia. Anasogea, anabishana, anarudi nyuma, jirani wa kulia anasema ndiyo, wa kushoto anasema ndiyo, wa nyuma anasema hapana, wanaanza tena. Wote wakikubaliana, Théogène anapaka chokaa kwenye pembe. Halafu anapima. Sikiliza hapo, Papa: anapima! Kwa mnyororo, kutoka pembe hadi pembe, na mimi nilimshikia upande wa pili.

Mvua ikaja. Jiwe likaanza kutoa mvuke, tukawa hatuonani vizuri, na nikafikiri sasa watakimbia. Hakuna aliyetoka. Waliogopa wakiondoka wasipajue tena. Walisimama kwenye mvua na mvuke wakiitana majina, wazee, wajawazito, muuza makaa na mwalimu, Wanande, Wahutu, Wahunde, watu ambao vita imewafundisha kutosalimiana. Nimesoma jometri kwako na sijawahi kuona jometri ya namna ile. Nililia, na haikuwa huzuni.

Sasa nyeupe yako. Nyeupe ya darasani mimi pia naijua, ni ya mtu mnyofu anayesema sijaona. Lakini hapa wenye nguvu wanasema waziwazi kwamba pasipo na jina hapana mwenyewe, na pasipo na mwenyewe ni pa kugawa. Watu wenye bunduki wameshakuja kuchagua viwanja. Ferdinand si mtu mbaya. Wawili wa hao wenye bunduki walikuja wakakaa ofisini kwake alasiri nzima bila kusema wanataka nini, na tangu siku hiyo anahubiri heshima ya nyeupe.

Na huko "kukipinga chama" kulikuwa hivi. Kwenye kikao Théogène alisimama akasema, "Siwezi andika kwamba hapa hakuna mutu. Niliwaona." Akakaa. Basi. Kwa maneno hayo amefukuzwa, na sasa anapasua lile jiwe kwa nyundo ili watu wa Katoyi wajengee, na mkewe Mukamugema anajifungua mwezi ujao.

Mkutano mkuu ni tarehe nne Mei. Chama kikimrudisha, ramani itakwenda na majina. Kisipomrudisha, itakwenda nyeupe, kwa sababu hakuna mwingine atakayethubutu. Ondoa ile "nakubali" yako. Andika kwamba unapinga. Usipoandika, hakuna mkono utakaoinuka isipokuwa wangu.

Dative


Butembo, 30 Machi 2002, Jumamosi Kuu

Dative,

Barua yako ilinishinda. Nakwambia ukweli, nilipofika kwenye mvua niliiweka mezani nikatoka nje nikasimama uani kama mjinga, nikijaribu kuona kama ningeweza kuonyesha pembe za kiwanja hiki nikiwa nimefumba macho. Nilirudi, nikachukua karatasi, nikaandika tarehe.

Halafu Masika alikuja kula kwetu. Anamega ugali, anasema, "Muzee, Mungu anakupenda. Na ile parseli yako, ile kiwanja ya Birere, ule kijana aliiandika jina yako." Mama Thérèse akaweka kijiko chini.

Kijana huandika palipofunikwa tu, kwa hiyo nyumba yetu iko chini ya jiwe. Na wewe unajua tangu Februari, ukaniandikia "kuna joto". Nilisema nyumba ni mawe na mabati. Nilisema uongo, Dative. Watoto wetu walizaliwa kwenye chumba cha nyuma, na tumeililia, wote wawili, kama wazee waliofiwa.

Lakini hilo nimekusamehe. Hili lingine bado. Ulijua kwamba jina langu ni mojawapo ya yale yatakayofutwa. Ulijua kwamba sheria ya kwanza ya kazi yetu ni hii: mpima hashuhudii mpaka wake mwenyewe. Ukanificha ili niandike kipofu. Sasa nikiandika, Ferdinand atasimama aseme muzee anapigania parseli yake, na atakuwa amesema kweli. Utetezi wangu utamzamisha yule kijana kuliko kimya changu.

Karatasi ile ina tarehe tu. Siwezi kuendelea.

Adalbert


Goma, 10 Aprili 2002

Papa Adalbert,

Nimekosa na ninakuomba msamaha, wewe na Mama Thérèse. Nilificha kwa sababu nakujua. Wewe ukiona faida yako iko karibu na haki, unaikimbia haki pia ili usichafuke.

Kwa kuwa umeshajua, acha nikueleze kilichobaki cha Jumapili ile. Nilikiacha nje ya barua yangu ile.

Jirani yako Mama Nyiramahirwe, muuza makaa, yupo hai. Jumapili ile alisimama kwenye pembe yake, ile inayogusana na yako, amejifunika kitenge kichwani. Watu wa nyuma walipokuwa wanasogeasogea wakitafuta mipaka yao, walikanyaga upande wako, maana haukuwa na mtu. Akawafokea: "Musipite mu saloni, mu nyumba ya muzee! Huku ni kwa Adalbert. Vita ilimufunga huko Butembo. Nitamusimamia." Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau nikizeeka. Alisimama kwenye pembe yake mpaka wakakubaliana. Akavuka akasimama kwenye yako, mpaka wakakubaliana. Akazunguka hivyo pembe zako zote, kwenye mvua, mguu wake ule mbovu unajikwaa kwenye jiwe, na kila pembe akikuita jina kwa sauti kana kwamba uko karibu na unachelewa tu kuja.

Théogène hakukupendelea. Hakujua hata wewe ni nani. Aliandika jina aliloitiwa.

Sikuombi tena uandike. Nilitaka tu ujue kwamba ulikuwepo.

Dative


Butembo, 22 Aprili 2002

Kwa Mwenyekiti na Wanachama wote wa Umoja wa Wapima Ardhi wa Virunga, Goma

Ndugu zangu,

Mwezi Februari niliwaandikia kwamba nakubali kufukuzwa kwa Théogène Nsengimana, mchora ramani wa chama. Ninaondoa neno hilo. Ninaomba karatasi ile ibanduliwe mlangoni na hii ibandikwe mahali pake. Ninapinga kufukuzwa kwake, na nitaeleza kwa nini.

Nilisema mnyororo unaanzia kwenye jiwe la mpaka. Nimezeeka, nikasahau jiwe lenyewe lilifikaje pale. Mengi ya mawe ya Birere niliyachimbia mimi. Na kabla ya kuchimbia jiwe hata moja niliwaita majirani wa pande zote, wakasimama kwenye pembe zao, wakaonyesha, wakabishana, wakakubaliana. Jiwe lilikuja nyuma ya watu. Tuliliweka ili likumbuke kwa niaba yao, maana tulidhani jiwe linadumu kuliko mtu. Mlima umetuonyesha kinyume. Jiwe limezikwa na watu wamesimama tena. Basi kijana huyu hakuchora bila kupima. Amepima kama tulivyopima sisi siku ya kwanza, na kwenye ardhi ambayo sisi tusingethubutu kuikanyaga.

Nasikia pia kosa lake ni kukipinga chama. Alikipinga wapi? Ndani ya kikao chetu, mbele ya wanachama, kwa maneno machache kuliko haya yangu. Kama mtumishi wetu hawezi kusimama ndani ya nyumba yetu akasema "hapana, niliwaona", basi tusijiite tena wapima. Tujiite waandishi wa yeyote mwenye bunduki. Ferdinand ndugu yangu, najua walikuja wakakaa ofisini kwako. Na mimi ningeogopa. Lakini woga wa mtu mmoja usiandikwe kwenye ramani ukawa sheria kwa mtaa mzima.

Mtasema: muzee Adalbert anapigania parseli yake. Ni haki yenu kusema. Kwa hiyo naiweka chini. Jina langu lifutwe kwenye ramani ya Birere na sehemu yangu iachwe nyeupe. Sitaidai, mke wangu amekubali, wala watoto wetu hawataidai. Sasa sina cha kupigania huko Goma isipokuwa huyo kijana nisiyemjua kwa sura.

Mrudisheni kazini.

Adalbert Kambale
Rais wa heshima


Goma, 14 Mei 2002

Muzee Adalbert,

Hatujuani. Mimi ndiye Théogène. Mademoiselle Dative alipaswa kukuandikia yeye, lakini alipaza sauti sana mkutanoni mpaka ikamkauka. Mganga amemkataza kusema, na amekasirika hata kalamu haishiki.

Barua yako aliisoma yeye, amesimama. Akafika mahali unapoiweka parseli yako chini. Nimeona mlima ukipasuka, Muzee, nilikuwa Munigi kwa shangazi yangu siku ile, na moto ulipita nikiuona. Nilidhani sitashangaa tena maishani. Nilishangaa. Mtu aliye mbali, ng'ambo ya vita, hajui uso wangu, hajui kama mimi ni mtu mwema, anavua nyumba yake ili mimi nirudishiwe meza yangu.

Ferdinand alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Kisha akauliza nani anakubali nirudi. Mikono ikainuka, mmoja, mwingine, halafu mingi. Wake ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka. Barua yako ya kwanza imebanduliwa. Ramani itakwenda na majina. Mke wangu amejifungua mtoto wa kike, wote wazima.

Jumatatu nimerudi kazini, na kazi ya kwanza niliyopewa ni wewe. Komite imesema barua ya muzee ndiyo iliyotuokoa, kwa hiyo tuiheshimu neno kwa neno: Nsengimana, futa jina lake. Unajua kwamba wino kwenye karatasi yetu ya ramani haufutiki kwa mpira, unakwanguliwa kwa wembe. Nilichukua wembe, nikainama.

Halafu niliona si vizuri kumwondoa mtu bila kuwaambia majirani zake. Nikaweka wembe chini, nikapanda Birere. Mama Nyiramahirwe alikuwa anapanga makaa yake juu ya jiwe, ameshasimamisha kibanda cha mabati palepale penye mlango wake wa zamani. Nilimweleza ulichofanya. Nilidhani atasifu. Akashika kiuno akaniangalia kama mimi ndiye niliyekosa. "Akitoka yeye, miye nitaishia wapi?"

Muzee, ni kweli, na pembe hizo nilizipima kwa mkono wangu. Pembe yake imejulikana kwa sababu inagusana na yako. Ya mtu wa nyuma imejulikana kutokana na yako na ya kwake. Anayemfuata amejulikana kwa huyo, na hivyo hivyo kushuka mpaka kwenye paa la shule. Ukikitia kipande cheupe hapo katikati, mstari wote unalegea. Na wale wanaochagua viwanja wataanza na kipande hicho, kwa sababu mwenyewe ameandika kwamba hakitaki. Watajenga hapo, watasogea kidogo kulia, watasogea kidogo nyuma, na nani atawaambia mpaka ni huu, wakati jirani aliyekuwa shahidi wake ameondoka?

Kwa heshima zote umekosea. Ulitaka kuja kwenye haki na mikono misafi, ukasahau kwamba parseli si koti, mtu hawezi kulivua peke yake. Mama Nyiramahirwe amenituma nikwambie hivi, na naandika kama alivyosema: "Sikusimama mu mvula juu ya kumupa zawadi. Nilisimama sababu mupaka ni ya batu wawili. Asiniache peke yangu."

Nimerudi ofisini nikawaambia sitafuta. Ferdinand alipiga meza. "Wewe mutoto! Juzi tu tulikurudisha!" Wengine walicheka, yeye hakucheka. Amesema komite haiwezi kurudishwa nyuma na mtu yule yule mara mbili, na wenye nguvu wameshaarifiwa kwamba kuna kipande cheupe. Nimepewa mpaka Ijumaa. Kama jina lako bado liko kwenye ramani siku hiyo, nitafute kazi nyingine.

Nakushukuru kwa kunirudishia kazi yangu, Muzee. Naomba pia uniwie radhi, kwa sababu nitaipoteza tena, na safari hii ni kwa ajili yako. Usiandike chochote kunitetea. Ukiweza kuvuka, njoo usimame kwenye pembe yako.

Wembe nimeurudisha kwenye droo. Jina lako lipo.

Théogène Nsengimana
mchora ramani